Mungu Amenisamehe, Je, Pesa za Watu Nirudishe?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mahali pamoja: Mungu wa haki na Mungu wa huruma, mbona wanaonekana kama wanavutana? Tunaojibu ni Mkatoliki na Mwanglikana. Pale makanisa yetu yanapoachana njia tutasema. Aya tunazonukuu ni za Biblia ya Union, na majina ya walioandika tumeyaacha.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba hapa Busia. Kwa miaka miwili kuna faini na riba ambazo sikuziandika kitabuni, nikala. Nimepiga hesabu, ni 1,800,000. Mwaka jana nikaokoka. Pasta anasema damu ya Yesu imeshafuta yote, nikianza kurudisha nitakuwa naidharau neema. Lakini kila nikipita sokoni kwa wale akina mama wa samaki, roho inanisuta. Nifanyeje?

Rudisha, ndugu. Pasta wako amekupa ukweli nusu. Hatia mbele za Mungu hufutwa bure, na hakuna shilingi inayoweza kuinunua. Lakini zile 1,800,000 zilitoka kwa akina mama wa samaki, na Mungu haonyeshi huruma kwa kuchota mfukoni mwa maskini.

Torati ina viwango vyake, na inafaa kuvisoma kwa makini. Aliyedhulumu kisha akajiona ana hatia na kukiri, alirudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:1-7). Mwizi aliyekamatwa na mnyama angali hai mkononi mwake alilipa mara mbili (Kutoka 22:4). Akiwa ameshamchinja au kumwuza, alilipa ng'ombe watano kwa mmoja, na kondoo wanne kwa mmoja (Kutoka 22:1). Yaani huruma imo ndani ya sheria yenyewe: anayejitokeza anapunguziwa. Sasa mtazame Zakayo katika Luka 19. Hakuna aliyemkamata, na angeweza kabisa kujishika kwenye ile sehemu ya tano. Yeye akajipigia hesabu ya mwizi aliyekwisha kuchinja kondoo wa watu, mara nne, tena baada ya kutoa nusu ya mali yake kwa maskini. Na Yesu hakumdai hata senti. Alikuwa ameshajialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajatamka neno lolote juu ya pesa. Angalia mpangilio huo: huruma ilitangulia, malipo yakaifuata nyuma.

Mkristo hafungwi na sehemu ya tano kama sheria, ila kwenu ina mantiki. Pesa ya kikundi ingekopeshwa ikazaa, kwa hiyo pamoja na mtaji ulikula na faida. Ongeza 360,000 juu ya 1,800,000, unapata 2,160,000.

Anza na vitabu. Kikundi hugawana sanduku mwisho wa mwaka, kwa hiyo waliopo leo si wote uliowaibia, na waliojiunga juzi hukuwaibia chochote. Orodhesha wanachama wa miaka ile miwili na uhesabu stempu, yaani hisa, zilizokuwa kwenye daftari la kila mmoja. Kama zote pamoja zilikuwa 3,600, kila stempu ilipoteza shilingi 500, na pamoja na ile ya tano utalipa 600. Mama aliyekuwa na stempu 90 anakudai 54,000. Kisha mwone mwenyekiti pamoja na mmoja wa washika funguo za sanduku, wote wawili kwa wakati mmoja, kabla ya siku ya mkutano. Usimwendee mwenyekiti peke yake: pesa inayorudishwa faraghani kwa mtu mmoja ina tabia ya kupotea mara ya pili. Nenda na kitu mkononi, hata kama ni 300,000, na karatasi yenye ratiba ya kumalizia, isainiwe mbele ya shahidi. Aliyefariki, walipwe warithi wake.

Wengi hukosea hapa kwa kukiri na machozi mengi bila shilingi yoyote, kikundi kikabaki na hasira na bila pesa. Wengine huzipeleka kanisani kama sadaka ya shukrani, na hilo ndilo baya zaidi, maana linamfanya Mungu apokee mali ya wizi. Mathayo 5:23-24 inakutaka uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza kwa uliyemkosea. Ni pale tu mwenye mali hayupo wala hana jamaa ndipo Hesabu 5:8 inapoielekeza kwa Bwana. Siku hizi twaelekeza kwa maskini.

Hapa tunatofautiana kidogo. Katoliki inaruhusu mali irudi kupitia kwa padri bila jina lako kutajwa, kwa sababu kinachodaiwa ni mali irudi, na hulazimiki kujivua nguo hadharani. Walokole wa uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, miaka ya 1930, wangekukatalia: wao waliungama mbele za watu na kurudisha vya watu wazi wazi. Kwa kikundi kidogo kama chenu, ambako mahesabu yatakutaja hata ukinyamaza, njia ya walokole ni bora. Ila ungama yako tu, usimtaje mwingine. Na ujue kwamba kikundi kina haki ya kwenda polisi. Kuokoka hakukukingi na hilo, na ukilisema wewe mwenyewe kabla yao, watakuamini zaidi.

Kama unajiuliza kuhusu Meza ya Bwana kabla hujamaliza deni: mwenye nia ya kweli na ratiba anayoifuata anashiriki. Augustino alimwandikia Macedonius kwamba mtu anayeweza kurudisha na harudishi, toba yake ni ya kuigiza. Asiyeweza kwa sasa hakuhukumiwa katika maneno hayo.

Mume wangu aliuawa na waasi mwaka 2003. Kijana aliyeongoza kile kikosi amerudi, alipata msamaha wa serikali, na sasa anaimba kwaya kanisani kwetu hapa Gulu. Mchungaji anahubiri kusamehe saba mara sabini akiniangalia mimi. Je, nisipomsamehe nitahukumiwa? Na haki ya mume wangu iko wapi?

Pole sana, mama. Kwanza mchungaji aache kukuangalia wewe na aanze kumwangalia yeye. Mathayo 18:22 inamfunga aliyekosewa, ni kweli, lakini Luka 17:3 inasema "akitubu msamehe", na huyo wa kutubu ana kazi ambayo hakuna mtu aliyekuambia kama ameifanya.

Chini ya neno moja la kusamehe umebebeshwa mambo matatu, tuyatenganishe. La kwanza ni kuacha kulipiza kisasi. Hilo unaweza kulianza leo, peke yako, hata yeye asipojua. Warumi 12:19 haisemi kisasi hakipo. Inasema kisasi ni juu ya Bwana. Unakabidhi faili, hulichomi. La pili ni kupatana, na hilo haliwezekani kwa upande mmoja: linahitaji aseme alichofanya, wapi, na mwili uliachwa wapi kama hamkuupata. Hulazimiki kukaa naye benchi moja kabla ya hapo, wala kupokea sakramenti kwako hakusubiri yeye afungue mdomo. La tatu ni hukumu ya dola, ambayo Paulo anaipa nafasi yake katika Warumi 13:4, na wewe huna mamlaka ya kuifuta wala hudaiwi kuifuta.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iligusa hilo la tatu peke yake. Viongozi wa dini wa Acholi waliisukuma kwa sababu iliyo wazi: wapiganaji wengi walikuwa watoto waliotekwa, na bila mlango wa kurudia wasingetoka msituni. Karatasi ile ilimwambia serikali haitamshtaki. Haikusema hana hatia, na haikusema wewe umeridhika. Na si kila mtu aliyeipata. Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA aliyetekwa akiwa mtoto, alihukumiwa na mahakama ya The Hague mwaka 2021, miaka 25. Majaji walimpunguzia kwa kuutazama utoto wake ulioharibiwa. Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, alihukumiwa miaka 40 hapo hapo Gulu, Oktoba 2024. Kupunguza bila kufuta: wanatheolojia wamebishana karne nyingi juu ya jambo hilo, na hapo limefanywa na mahakama.

Mato oput ya wazee wenu inafika mahali ambapo karatasi haikufika. Wapatanishi hukaa kati ya koo mbili, ukweli husemwa wote, fidia hukubaliwa na kulipwa, na mwishoni pande mbili hunywa uchungu wa mzizi wa oput katika kibuyu kimoja. Hakuna kunywa kabla ya kukiri na kufidia. Mkristo hana sababu ya kuiogopa hatua hiyo. Tatizo lake ni jingine: ilitengenezwa kwa mauaji kati ya koo zinazojuana, na kwa muuaji asiyejua aliua wangapi wala wa ukoo upi, inashindwa kuanza. Wewe unamjua. Waombe wazee wa pande zote mbili wakae, mchungaji awepo kama shahidi, na uandike kabla ya siku hiyo maswali unayotaka yajibiwe. Matatu au manne yanatosha. Ukienda bila maswali, watazungumza wao tu.

Nawe usiogope kwamba kudai ukweli ni dhambi. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, kabla hajauawa tarehe 15 Novemba 1885, alimtumia Kabaka Mwanga ujumbe kwamba anamsamehe kwa kumwua bila haki, na kwamba asipotubu, yeye Mukasa atakuwa mshtaki wake mbele za Mungu. Alisema yote mawili katika ujumbe mmoja, na Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Mimi nikikosewa naambiwa nisamehe tu. Kwa nini Mungu asingesamehe tu, hadi Mwanawe afe? (Mwanafunzi, Mbarara)

Kusamehe "tu" hakupo, hata kwa binadamu. Chukua mfano wa mtumwa katika Mathayo 18. Alidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa siku, kwa hiyo deni ni siku za kazi milioni 60. Tuseme kibarua wa mjengo hapa kwetu analipwa 20,000 kwa siku: hizo ni shilingi trilioni 1.2. Naye alimdai mwenzake dinari 100, yaani milioni mbili. Watu husoma mfano huu wakimtazama mtumwa na kumsahau mfalme. Mfalme aliposamehe, zile trilioni hazikuyeyuka. Yeye ndiye aliyezikosa. Kila msamaha una mtu aliyebeba hasara, na injili inasema aliyebeba ni yule yule aliyekosewa.

Anselm wa Canterbury alilipanga hivi katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098: binadamu ndiye anayedaiwa lakini hana cha kulipa, Mungu anacho lakini hadaiwi, basi wa kulipa lazima awe mmoja aliye Mungu na mtu. Kwake malipo yanachukua nafasi ya adhabu. Warekebishaji wa karne ya 16, Calvin akiwemo, walisogeza mbele kidogo wakasema Kristo aliibeba adhabu yenyewe. Wahubiri wengi wa redio wanachanganya hizi mbili bila kujua, na matokeo yake ni Baba mwenye hasira anayempiga mtoto asiye na kosa hadi hasira ishuke. Ukisikia hivyo, fungua 2 Wakorintho 5:19: Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakuna wawili wanaovutana pale.

Jambo moja zaidi, maana mwanafunzi wa sheria ataliuliza. Hakimu wa mahakama ya Buganda Road hawezi kumsamehe aliyeiba bodaboda yako kwa sababu tu ana moyo mwema. Bodaboda si yake. Mungu anaweza kusamehe kwa sababu kila dhambi, hata ya jirani dhidi ya jirani, imemgusa yeye kwanza. Thoma wa Akwino alitoa hesabu fupi: unayemdai mtu 100 naye akakupa 200 kutoka mfukoni mwake, hajavunja haki, ameipita. Na anayesamehe kosa alilotendewa yeye mwenyewe yuko hivyo hivyo.

Pasta mmoja Kampala ameniambia siolewi kwa sababu babu yangu alimwaga damu, na Mungu anapatiliza hadi kizazi cha nne. Anataka "mbegu" ya 500,000 ili aivunje laana. Nilipe?

Usilipe, dada.

Maneno ya kizazi cha tatu na cha nne yamo katika Kutoka 20:5, na aya yenyewe inamalizia "wanichukiao": wana wanaoendelea na chuki ile ile ya baba. Waisraeli walipoanza kuitumia kama kisingizio, Mungu aliwajibu kwa sura nzima, Ezekieli 18, na mstari wa 20 unasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kinachorithiwa ni madhara. Babu akiuza kibanja kwa ajili ya pombe, wajukuu hawana pa kulima. Hilo ni jambo la kweli na linauma, lakini halikufanyi uwe na hatia. Kama kweli babu aliua na familia ya marehemu inajulikana, kuna kazi ya kufanya, nayo ni kwenda kwao na wazee wenu. Hakuna hata shilingi ya hiyo kazi inayopita kwa pasta. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na jibu la Petro liko katika Matendo 8:20, msomee.

Nikisali Rozari ya Huruma ya Mungu saa tisa kila siku, bado ni lazima niende kuungama?

Ndiyo, kama una dhambi nzito. Tunashangaa swali hili linarudi kila mwaka karibu na Pasaka. Ibada hii ilitoka kwa Sista Faustina Kowalska wa Poland, aliyefariki 1938. Alipotangazwa mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000, Yohane Paulo wa Pili aliitoa Jumapili inayofuata Pasaka kwa Kanisa lote. Inasaliwa kwa rozari ya kawaida: mwanzoni Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, kwenye punje kubwa unamtolea Baba wa milele mwili na damu ya Mwanae kwa kulipia dhambi, kwenye punje ndogo kumi unaomba huruma kwa ajili ya mateso yake, makumi matano, kisha "Mungu Mtakatifu" mara tatu. Haichukui hata dakika kumi. Tazama lakini unachosema kwenye kila punje kubwa: kulipia. Sala yenyewe inakukumbusha kwamba huruma ina gharama, halafu wewe unaitumia kukwepa kitubio.

Rehema kamili ya Jumapili hiyo, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, nayo ina masharti: kuungama, kupokea komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikilia dhambi yoyote, hata ndogo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo lisilotangazwa kwenye mabango. Waanglikana na walokole hawana fundisho la rehema hizi, na hapo hatujaafikiana.

Agano la Kale ni Mungu wa hukumu, Jipya ni Mungu wa huruma, sivyo?

Sivyo. Marcion alifundisha hivyo Roma na Kanisa likamtenga, mwaka 144. Soma Kutoka 34:6-7, ambapo "mwingi wa huruma" na kutomhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia vimo katika pumzi moja. Kisha soma Yona 4:2, nabii anayekasirika kwa sababu Mungu wa Agano la Kale ni mpole mno. Halafu hesabu mwenyewe ni mara ngapi anayeitaja Jehanamu katika Injili ni Yesu.

Mtoto wetu alifariki siku ya pili bila kubatizwa. Shangazi anasema hawezi kuwa mbinguni, maana haki ya Mungu haibadiliki. (Baba, Arua)

Poleni, wewe na mama yake. Shangazi amesikia fundisho la zamani kuhusu limbo, mahali pa watoto wasiobatizwa pasipo mbinguni wala motoni, ambalo halijawahi kuwa kanuni ya imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, inawakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu, aliyesema waacheni watoto wadogo waje kwangu, na hati ya tume ya wanatheolojia wa Vatikani ya mwaka 2007 ilieleza sababu za kuwatumainia. Haki ya Mungu haimdai mtoto wa siku mbili kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukifanya. Kama mlikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa (kanuni 1183), mwulizeni paroko. Kama mlimzika bila padri, ombeni misa.

Na kwa wazazi wengine wanaosoma hapa: mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote, nesi au bibi, anaweza kumbatiza. Maji ya bomba yanafaa. Mimina kichwani yatiririke, kitambaa chenye unyevu hakitoshi, na wakati huo huo useme wewe unayemimina: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Makosa mawili hutokea mara kwa mara: mmoja anamimina na mwingine anasema maneno, au maneno yanasemwa maji yakishakwisha. Akiwa ameshafariki habatizwi; hapo mnasali. Akipona, mpelekeeni paroko taarifa pamoja na jina la shahidi, aandikwe kitabuni. Hatabatizwa tena, ataongezewa tu mafuta na sala zilizobaki.